Mama Prudencia Kokulinda na Kisahani Chekundu cha Askari Luhende

Imeandikwa na Anko Shimba, fundi mkuu wa kuchomelea, kwa ajili ya kijitabu cha sherehe ya kuagana

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, ifikapo tarehe 30 Juni 2026 Mama Prudencia Kokulinda atakabidhi funguo za stoo ya Karakana ya Boti Mwambao, hapa hapa Mkuyuni, na kuwa mstaafu halali mwenye cheti na keki. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Walipendekezwa wenye diploma zao, nikachaguliwa mimi. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini ni lile la saba la zamani, ambalo mwalimu akikuandikia "vizuri" kwenye daftari unaweza kwenda kuposa nalo.

Mama Prudencia alizaliwa mwaka 1966 huko Kyaka, mkoani Kagera, kwenye familia ya wakulima wa ndizi na kahawa. Alikuja Mwanza kwa meli akiwa na sanduku moja na barua ya paroko, akaajiriwa hapa mwezi Mei 1992 kama mfagizi. Wakati huo karakana ilikuwa na mabati upande mmoja tu. Upande wa pili tulikuwa tumeezekewa na Mungu. Yeye alifagia mpaka akafika mlango wa stoo, akachungulia ndani, akaona kamba, misumari, rangi na mapanga ya injini vimelala kitanda kimoja kama wageni wa msiba. Hakuambiwa na mtu. Akaingia, akaanza kupanga. Jioni ile bosi alipoomba spana namba kumi na saba akapewa spana namba kumi na saba, na inasemekana alikaa chini kwa mshtuko. Kufika mwaka 2003 Mama Prudencia alikuwa mkuu wa stoo.

Kwa vijana ambao hawakuikuta hali ya zamani, nawaambia hivi: kabla yake, ukiomba bolti ya inchi moja ulikuwa unapewa msumari na pole. Leo kila kifaa kimechorewa kivuli chake ukutani, na kisiporudi jioni kivuli kinakusuta. Hata siku niliyobeba injini ya boti peke yangu kutoka gatini mpaka karakana (wenzangu wanne walikuwa wameshikilia tu isichafuke), Mama Prudencia hakunipigia makofi. Aliniuliza mnyororo wa kunyanyulia uko wapi.

Watu husema Wahaya wana majigambo. Mimi Msukuma nimefanya kazi na Mhaya huyu zaidi ya miaka ishirini na mitano, na ninashuhudia kwamba siku Mungu anagawa majigambo yeye hakuwepo, na fungu lake nililichukua mimi nisije nikaliacha likaoza. Ndiyo maana mambo yake mengine ni lazima niyaseme mimi, maana yeye hatayasema.

Basi tuingie kwenye jambo linalojulikana mpaka Sengerema. Ukivuka rafu za rangi na kamba, nyuma kabisa ya stoo, kuna rafu moja ndefu ambayo si ya boti. Hapo kuna chupa za maji za askari, kofia za chuma, vifungo vya shaba, mabeleshi mafupi ya kuchimbia mahandaki, filimbi, nishani chache, na tarumbeta moja iliyobonyea ambayo mimi naweza kuipiga ikasikika Ukerewe. Ni vitu vya askari wa zamani: wa vita ya Mjerumani, wa vita ya pili waliokwenda mpaka Bama, na wa vita vya Kagera. Vingi vilikuja vimechanganyika na vyuma chakavu ambavyo karakana ilinunua kwa ajili ya viraka. Mimi nilikuwa naona viraka. Yeye alikuwa anaona watu.

Asili yake ni hii. Vita vya Kagera vilipofika kwao alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Familia ilikimbia, ikarudi, na askari wetu walipokuwa wakipita kwenda mbele mama yake aliwapikia ndizi uani. Walikula, wakashukuru, wakaondoka. Mmoja akasahau kijiko. Mama Prudencia anacho mpaka leo, na kila akikishika husema maneno yale yale, kwamba waliwalisha watu ndizi na hawakuwauliza majina.

Kwa hiyo akajiwekea sheria. Kitu hakipandi kwenye rafu mpaka kipate jina la mwenyewe, na kisicho na jina kinakaa chini ya rafu, sehemu ambayo sisi mafundi tunaiita mahabusu. Siku zake za mapumziko, wenzake wanapokwenda kusuka nywele, yeye anapanda gari kwenda Magu, Misungwi, Kwimba, anakaa na wazee, anawaamkia, anawasikiliza, anauliza chupa hii iliyochorwa nyoka ubavuni inaweza kuwa ya nani. Kitu kikipata mwenyewe anaiuliza familia kama wanakitaka. Wengi wanakichukua. Ndiyo sababu rafu yake haijai, ingawa mimi peke yangu nimemletea vitu vya kujaza jumba la makumbusho. Sare za jeshi hazigusi kabisa, sheria iko wazi. Mtu akileta kombati, anasindikizwa kituo cha polisi yeye na furushi lake.

Siwezi kupita bila kutaja siku ya bomu. Mvuvi mmoja alituletea ndani ya kapu la dagaa kitu cha chuma, kizito, chenye ncha, akasema ni chungu cha Mjerumani na anaomba tukikate kati. Mama Prudencia alikitazama mara moja akawatoa watu wote nje kwa sauti ya chini kabisa. Mimi nilibaki. Nilikipakata kile kitu mapajani mpaka wataalamu walipofika, na mmoja wao alinitazama kwa namna ya mtu anayetaka kuniuliza nilipitia kambi gani. Walikichukua, baadaye wakasema kilikuwa kitupu tangu zamani. Sawa. Lakini mimi nilikuwa sijui, na ushujaa unahesabiwa kabla ya majibu.

Sasa nifike kwenye habari ya Luhende, ambayo ndiyo kubwa, na ambayo wengi wenu mmeisikia nusu nusu.

Mnamfahamu Dorotea, anayetupikia pale getini. Mwaka jana mwezi wa pili Dorotea alikuja stoo ameshika mkono wa bibi yake mzaa baba, Bibi Ng'washi wa Kisesa, mama wa miaka themanini na ushee, mwembamba kama ufito lakini macho yake yanakata. Mama Prudencia akamwamkia, akamwekea kiti, na bibi akaeleza shida yake.

Baba yake aliitwa Luhende. Alichukuliwa jeshi la Mwingereza wakati wa vita ya pili, kupelekwa Bama, akaondoka akiwa amemwacha mkewe na mimba. Mimba hiyo ndiyo Ng'washi mwenyewe. Vita viliisha, wenzake wakarudi na makoti na mablanketi, Luhende hakurudi. Rafiki yake mmoja, Shigela, aliyekuwa ameumia mguu akarudishwa mapema, alipita kwa mkewe akasema Luhende amebaki Mombasa, atakuja. Basi wakangoja. Miaka ikapita. Kwa kinywa cha watu, "amebaki Mombasa" ikawa "ana mwanamke Mombasa", kisha ikawa "alitoroka jeshi". Ukoo ukaona aibu. Hakuna matanga yaliyokaliwa. Na kwetu Usukumani jina la mtu ni urithi, mtoto anapewa jina la babu ili babu asipotee, lakini jina la mtoro nani atampa mwanawe? Wazee wa ukoo walisema mtoto atakayeitwa Luhende atakimbia nyumbani kama mwenye jina lake.

Dorotea alipojifungua mara ya kwanza Bibi Ng'washi aliomba mtoto aitwe Luhende. Wakamkatalia. Sasa Dorotea alikuwa na mimba nyingine, na bibi alihesabu umri wake akaona hatakuwa na nafasi ya tatu. Alichotaka kwa Mama Prudencia kilikuwa kidogo kukisema na kizito kukifanya: ajue baba yake alikufa au alikimbia, kabla mtoto hajapewa jina. Kama alikimbia, alisema, basi aambiwe hivyo hivyo, anyamaze.

Mama Prudencia alilichukua jambo hilo kama mgonjwa wa nyumbani kwake. Aliandika huku na huku, akauliza wanaohifadhi habari za askari wale waliokwenda Bama, nchi ambayo siku hizi inaitwa Myanma. Majibu yakaja, na yalikuwa mabaya kuliko kukosa majibu. Luhende hayumo kwa waliokufa, na hayumo kwa waliorudi. Wazee wa ukoo waliposikia walicheka wakasema si ndiyo wanayosema wao siku zote. Utafiti wenyewe ukageuka shahidi wa upande wa pili. Wiki ile Mama Prudencia alinipa spana namba kumi na tatu nilipoomba kumi na nne, na hapo nikajua hali ni mbaya.

Ikafika Juni, sikukuu ya ngoma kule Bujora. Mama Prudencia huenda kila mwaka, na mimi humsindikiza, kwa sababu bila mimi sikukuu inakuwa kama chai bila sukari. Mnajua ngoma zetu: makundi mawili yanashindana, watu wanahama kutoka huku kwenda kule, na kundi lililobaki na watu wengi ndilo limeshinda. Na mnajua wachezaji wanavyojipamba. Babu zao walirudi kutoka vitani na mikanda, filimbi, kofia, na vyote viliingia ngomani. Kwa hiyo watu wengine wanakwenda Bujora kutazama miguu. Mama Prudencia anatazama vifua na viuno.

Akamwona Mzee Chenge, manju wa kutoka upande wa Sengerema. Manju ndiye kiongozi wa waimbaji, na wengi humwogopa, maana akikutungia wimbo wa kukusema utauhama mkoa. Shingoni, katikati ya shanga, Mzee Chenge alikuwa amevaa kisahani kidogo chekundu cha duara, si cha chuma, ni kitu kigumu kama gamba. Kila msimu hukipaka samli. Mama Prudencia alisogea, akatega kichwa mpaka jua likapiga kiubavu, akasoma herufi zilizogongwa humo: LUHENDE.

Hapa nilifanya kazi yangu. Ili asogee zaidi bila kutiliwa shaka, niliingia uwanjani nikacheza, na nasema bila kujisifu kwamba watu walihama makundi yote mawili wakaja kwangu. Lakini Mzee Chenge ni mtu wa macho mengi. Alimwona mwanamke mgeni ameinamia shingo yake, akakifunika kile kisahani kwa kiganja, akaacha wimbo katikati. Alidhani tumekuja kumharibia dawa ya ngoma. Alituambia ni cha baba yake, hakiuzwi, hakiguswi, na mimi nikiendelea kucheza vile nitateguka.

Njiani kurudi Mama Prudencia alinieleza. Askari wale walivaa visahani viwili shingoni, kimoja cha kijani na kimoja chekundu, vyote na jina. Askari akifa, cha kijani kinaachwa na mwili ili uzikwe nacho. Chekundu kinavuliwa kupelekwa kwa mkubwa, ndiyo taarifa kwamba huyu amekufa. Askari aliye hai havuliwi. Na anayetoroka hana sababu ya kumwachia rafiki jina lake shingoni. Nikamwuliza mwenye kukivua ni nani. Akasema hilo ndilo swali, na kwamba ameulizia pale uwanjani akaambiwa baba yake Mzee Chenge alikuwa anaitwa Shigela.

Tulivuka ziwa pale Kigongo kwenda kwa Mzee Chenge mara tatu. Mara ya kwanza aliagiza tuambiwe hayupo, tukamwona mgongo. Mara ya pili alitukaribisha, akatupa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na maziwa, akazungumza habari za mvua mpaka jua likazama. Mara ya tatu Mama Prudencia hakuomba kitu wala hakutaja kisahani. Alimsimulia habari za Bibi Ng'washi tu, na mimba ya Dorotea, na jina linalokataliwa. Kisha akakaa kimya. Mimi pia nilikaa kimya, jambo ambalo mke wangu bado haliamini.

Mzee Chenge aliwatazama ng'ombe wake. Halafu akasema, "Mama, ukilisafisha jina la baba yake yule bibi, unaliacha la baba yangu matopeni. Mjukuu wangu anaitwa Shigela."

Akatueleza yote, kama baba yake alivyomweleza kabla ya kufa. Luhende alikufa Bama, kwenye mto, wakati wa mvua, na Shigela alikuwa hatua chache kutoka kwake. Walikuwa wakilala chandarua kimoja tangu walipoondoka Mwanza. Shigela alikivua kile kisahani mwenyewe. Alitakiwa akipeleke kwa mkubwa wake, hakukipeleka. Aliona wazungu watakitia kwenye boksi na huo ndio utakuwa mwisho, wakati yeye anaweza kumpelekea mke wa mwenzake mkononi. Siku chache baadaye naye akaumia mguu, akarudishwa. Ndiyo maana serikali haikuwahi kujua, na ndiyo maana Mama Prudencia alipouliza alikuta pengo.

Shigela akafika Kisesa na kisahani mfukoni. Akamkuta mke wa Luhende uani, ananyonyesha.

Wageni mnaosoma hapa huenda hamjui, lakini sisi tumekua nalo: mama anayenyonyesha hapelekewi habari ya kifo. Maziwa yanakauka, na mtoto anamfuata marehemu. Shigela alimtazama yule mtoto, akasema la kwanza lililomjia, kwamba Luhende amebaki Mombasa. Alipanga arudi mtoto akiachishwa ziwa. Akaenda Geita kutafuta kazi ya mgodini, na aliporudi mtoto alikuwa anakimbia, lakini uongo nao ulikuwa umeshaota miguu. Ukoo ulikuwa umeshamlaani Luhende mbele ya watu. Kusema ukweli wakati ule ilikuwa kuwaambia wazee wazima kwamba wamemtukana maiti. Akaogopa. Akangoja wafe wao. Akafa yeye. Mzee Chenge alikivaa kisahani ngomani ili angalau huyo mtu achezewe, na kila mwaka aliogopa mtu mmoja atakisoma.

Nilidhani Mama Prudencia angekiomba pale pale. Mkusanyaji gani angeacha? Nilimgusa kiwiko mara mbili. Yeye akamwambia mzee kwamba hatakichukua, na Bibi Ng'washi hataambiwa neno na sisi. Kilikuwa mkononi mwa Shigela kipelekwe Kisesa, akasema, basi kipelekwe na mkono wa Shigela. Akamtajia siku ambayo wazee wa ukoo wa Luhende watakutana. Mzee Chenge hakuahidi. Alitusindikiza mpaka barabarani, akarudi kwa ng'ombe wake.

Siku yenyewe tulikaa uani kwa Bibi Ng'washi tangu asubuhi. Wazee wa ukoo walikuja na fimbo zao. Chai ikanywewa, mihogo ikaliwa, mchana ukaingia, na Mama Prudencia hakuwa na cha kuwaambia zaidi ya kwamba wangoje kidogo. Wakaanza kumtania. Mzee mmoja aliuliza kama Mhaya huyu amewaita kuwahesabia kunguru. Dorotea alikuwa amekaa mkekani na tumbo lake, Bibi Ng'washi hakuwa anamtazama mtu. Mimi niliwasimulia ile ya bomu ili kuokoa muda, na nakiri ilibidi niiongeze urefu.

Ndipo tukaona mtu anasukuma baiskeli kuja kwetu, amevaa koti la kawaida, hana shanga wala njuga. Mzee Chenge alipewa kiti, akakikataa, akakaa chini kwenye vumbi. Akatoa leso, akaifungua, akaeleza kuanzia Bama mpaka pale uani. Hakujipamba na hakumpamba baba yake.

Yakazuka makelele. Mzee yule wa kunguru alisimama, akasema ukoo mzima umemtukana mtu wao miaka themanini kwa sababu ya mdomo wa Shigela, na hilo haliishi bila ng'ombe. Wengine wakaitikia. Mzee Chenge aliinamisha kichwa kama mtu aliyekuja akiwa ameshawahesabu ng'ombe hao.

Bibi Ng'washi alikuwa amekishika kisahani. Hajui kusoma. Alimwambia Dorotea amshike kidole akipitishe kwenye herufi, moja moja, na Dorotea akawa anazitaja mpaka zikaisha. Kisha bibi akamgeukia yule mzee. "Mama yangu aliniachisha ziwa natembea. Wenzangu wangapi wa mwaka ule walizikwa wachanga? Uongo wa Shigela ndio maziwa niliyonyonya. Anayedai ng'ombe aanze kunidai mimi."

Mzee akakaa. Hakuna aliyesimama baada yake. Upepo wa siku ile ulikuwa na vumbi jingi sana, wengi wetu macho yaliwasha.

Matanga ya Luhende yalikaliwa Kisesa wiki iliyofuata, yamechelewa lakini kamili, na kundi la Mzee Chenge lilikuja lote. Aliliimba jina la Luhende kabla ya jina lake mwenyewe, jambo ambalo manju hafanyi hata kwa mkuu wa wilaya. Mimi nilipiga tarumbeta. Kama mlisikia kitu kutoka upande wa mashariki Jumamosi ile mkadhani ni meli, ilikuwa mimi.

Mwezi Agosti Dorotea akajifungua mvulana. Wazee wa ukoo walikuja wenyewe, bila kuitwa, wakampa jina. Siku hiyo Bibi Ng'washi alimwuliza Mama Prudencia, "Na wewe mwanangu, unataka nini?" Mama Prudencia aliomba akishike kile kisahani. Akakishika kwa muda, akakigeuza, akakirudisha. Kwenye rafu ya stoo yetu hakipo, wala picha yake haipo. Kipo Kisesa shingoni kwa Bibi Ng'washi, na Luhende mdogo, ambaye sasa ameota meno manne na ana hasira za kikoplo, hukivuta na kukitafuna kila anapopakatwa. Bibi hamzuii.

Haya ndiyo niliyotaka yasikike kabla keki haijakatwa. Mafundi wote wa Karakana ya Boti Mwambao wanakushukuru, Mama Prudencia, kwa kila spana uliyotupa na kila uliyotunyima mpaka turudishe ya kwanza. Vitu vya mahabusu utaondoka navyo Kyaka kwa idhini ya uongozi, na najua hutakaa uani kunywa kahawa. Tutasikia tu umeonekana mlangoni kwa mzee fulani na chupa ya maji mkononi, unamwamkia. Uende salama, mama yetu. Migomba ikuzalie, magoti yasikusumbue, senene wasikupite msimu wowote, na ukifika kwa watu wakupikie ndizi na wakuulize jina.